Harufu ya Karafuu Yogyakarta: Niliyoyapata Kati ya Kiarabu na Kiindonesia

Usiku niliofika Yogyakarta nilipokewa na harufu kabla ya kupokewa na mtu. Dereva wa teksi alikuwa nje ya gari lake anamalizia sigara, nami nikasimama kando yake na sanduku langu, sitaki hata kuingia garini. Karafuu. Ileile inayotanda kwetu Pemba msimu wa kuanika, majamvi yametandazwa uani na nguo, nywele na mito ya kulalia vyote vinanukia. Sigara hizo wanaziita kretek, na tumbaku yake huchanganywa na karafuu.

Maneno yangu ya Kiindonesia yalikuwa machache sana wakati huo, lakini Kiarabu nilikuwa nacho, na nilikuwa nimeshasoma kwamba Kiindonesia kimekopa maneno ya Kiarabu kwa mamia. Basi nikaionyesha ile sigara kwa kidole nikamwambia, kwa kujiamini kabisa, "Qaranful!" Ndiko tulikoitoa karafuu yetu. Kijana akanitazama, akaitazama sigara, akatabasamu kwa heshima. "Cengkih, Mbak," akasema. Mbak ni dada mkubwa kwa Kijava, lugha ya wenyeji wa pale. Na herufi c kwao ni ch yetu. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya mwaka 1972 walikuwa wakiiandika tj.

Nimelirudia neno hilo kichwani miaka yote hii. Mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia. Wafaransa walitorosha miche karne ya 18 wakaipanda Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja, kisha Pemba, ambako babu zetu waliipanda mpaka vilima vyote vikawa mikarafuu. Mti umetoka kwao, jina tumepewa na Waarabu, na wenye mti jina hilo hawana habari nalo. Nilikwenda kule nikiamini kuwa Kiarabu ndio ufunguo wa kila mlango. Ilikuwa ndiyo saa yangu ya kwanza.

Kiarabu nilianza kukisikia kabla sijajua kuwa ni lugha ya watu wa kununua na kuuza. Baba yangu alikuwa maalim wa chuo nje kidogo ya Wete, na barazani petu watoto walisoma kwa sauti tangu asubuhi. Nilipofika miaka kumi na miwili hivi akanianzishia sarufi, jambo ambalo wasichana wengi wa rika langu hawakulipata, na namshukuru hadi leo. Alinifundisha kwa kuimba: kataba, katabaa, katabuu, katabat, katabataa, katabna, mpaka zitimie sura kumi na nne za kitenzi kimoja, na hapo ni wakati uliopita peke yake. Aliyeandika ni mwanamume mmoja, au wawili, au wengi. Ni mwanamke mmoja, au wawili, au wengi. Kisha wewe, kisha mimi.

Lakini kitu alichonionyesha baba, ambacho mpaka leo naona hakina kifani, ni mzizi. Herufi tatu tu: kafu, ta, ba. Unazicheza mle ndani, huku unavuta irabu, kule unaweka nyingine, na linakuja kitabu, linakuja katibu, linakuja maktaba. Baba alikuwa akisema neno la Kiarabu ni nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe: ukitaka chumba kingine huongezi nje, unagawa mle mle ndani. Tena ukilifungua kamusi la Kiarabu la zamani, maktaba hulikuti chini ya m, unalikuta kwenye kafu, pamoja na ndugu zake. Na hilo lenyewe, qamus, asili yake ni bahari kuu. Sisi tukasema kamusi, Waindonesia wakasema kamus.

Muscat nilikwenda nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwa shangazi, kama walivyokwenda Wapemba wengi kabla yangu. Nilimsaidia kwenye duka la ushonaji. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, lakini wateja walikuwa Waarabu, na nilidhani nimejiandaa. Nikasema uridu, nataka, na irabu yake ya mwisho nikaitamka wazi kama baba alivyonifunza; wao wakisema abgha. Walinielewa vizuri, wakanisikiliza kama anavyosikilizwa msomaji wa taarifa ya habari aliyeingia dukani kununua kitambaa. Kiarabu cha vitabuni ni cha watu wote kuanzia Moroko hadi Omani, na hakuna mtoto anayekinyonya kwa mama yake. Kila mtu hukipata skuli au chuoni. Kile cha nyumbani ni kingine, na hicho baba hakuwa nacho cha kunipa.

Kosa lililoniumiza lilikuwa dogo. Alikuja jirani, bibi mtu mzima sana, nami nikainuka nikamwamkia: kayfa haluka? Bibi akanishika mkono akanijibu polepole, "Haluki, mwanangu. Haluki." Nilikuwa nimemwamkia kama mwanamume. Katika zile sura kumi na nne, za mwanamume hutangulia, ndizo zilizokaa mbele ya ulimi, na Kiswahili changu hakijawahi kuniuliza swali hilo, wewe ni wewe na yeye ni yeye. Kiarabu lazima kijue. Huwezi kumwambia mtu njoo kabla ya kuamua ni wa kiume au wa kike, na kama ni wawili au zaidi ya wawili. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kuona fahari ndani ya jambo hilo. Mama na mwanawe wakiingia dukani, lugha ina sura yao wawili tu, wala haiwachanganyi na umati.

Na wali. Kwa Kiarabu cha vitabuni mchele ni aruzz, na nilipolisema neno hilo duka la vyakula nilieleweka bila taabu, lakini watu wenyewe walikuwa wakisema 'ish. Neno hilo nililijua kwa maana ya uhai. Ndilo mama wa kuishi na maisha yetu. Misri neno hilohilo ni mkate. Kila mahali wamechukua kile kinachowaweka hai wakakiita uhai. Lakini mbichi ni hilo, uliopikwa ni hilo, na hapo Mpemba ndani yangu alibaki na njaa kidogo, kwa maana kwetu mpunga ukiwa shambani haujawa mchele, na mchele haujawa wali mpaka uive.

Miaka michache baadaye nikapata ufadhili wa Darmasiswa, ule ambao serikali ya Indonesia huwapa wageni wakasome lugha na utamaduni wao, na hivyo ndivyo nilivyojikuta na harufu ya karafuu usiku ule. Nilipanga chumba kwa familia moja Kotagede, mtaa wa kale wa mafundi fedha. Kota kwao ni mji. Mimi kwa muda mrefu nikawa naziona nyumba za kota, zile za wafanyakazi.

Siku ya kwanza darasani, ukutani kulikuwa na nguzo tano za taifa lao, Pancasila, ambazo Sukarno, aliyekuja kuwa rais wao wa kwanza, alizitangaza tarehe 1 Juni 1945. Jina lenyewe ni la Kisanskriti. Nikaanza kusoma kwa kubahatisha: kemanusiaan yang adil dan beradab. Adil. Adabu. Nikashuka: kerakyatan yang dipimpin oleh hikmat kebijaksanaan dalam permusyawaratan/perwakilan. Moyo ukanidunda. Rakyat ni raia. Hikmat ni hekima. Ndani ya permusyawaratan kuna musyawarah, yaani kushauriana. Ndani ya perwakilan kuna wakil. Bunge lao linaitwa Dewan Perwakilan Rakyat, na kwetu Zanzibar tuna Baraza la Wawakilishi. Ni wakil yuleyule, kasafiri kwa majahazi mawili: huku amepokewa akavikwa wa- mbele na -ishi nyuma, kule akavikwa per- mbele na -an nyuma. Mwarabu mwenyewe angekaa na lile neno muda kabla ya kulitambua.

Hapo ndipo nilipoiona tofauti ya lugha hizi kwa macho, na nikaipata kupitia ya kwangu. Chukua sababu. Kiarabu kikitaka kusema kitu kimesababisha kingine, kinakaza herufi ya kati tu: sabbaba. Ukuta wa ndani umesogezwa, nyumba ni ileile. Kiindonesia hakigusi ndani. Kinaongeza nje, me- mbele na -kan nyuma, na kwa kuwa neno linaanza kwa s, ile s inayeyuka inakuwa ny: menyebabkan. Nasi tunajenga nje pia: kusababisha. Miaka yote nilidhani Kiswahili ni jamaa wa Kiarabu kwa kuwa maneno tunayo. Kwa ujenzi, ni Kiindonesia kilichokuwa kikinikumbusha nyumbani, ijapokuwa hatuna nasaba nacho ya karibu wala ya mbali; sisi ni Wabantu, wao ni wa ukoo unaofika mpaka Madagaska.

Ile s inayoyeyuka ilinitesa. Nilikaa usiku mmoja natafuta menyewa kwenye kamusi, chini ya m halipo, nikavua me- nikatafuta nyewa, halipo. Lipo sewa, kukodi. Kwenye Kiarabu unatafuta mzizi kwa kuvua irabu. Kwenye Kiindonesia unavua kiambishi halafu unakisia ni konsonanti gani iliyomezwa. P inamezwa ikawa m, t inakuwa n, k inakuwa ng. Mwezi wa kwanza nilikuwa kama mtu anayesoma majina ya makaburi yaliyofutika. Mwezi wa tatu ulimi ukaanza kufanya wenyewe.

Maneno ya Kiarabu, yale niliyoyategemea, ndiyo yaliyoniangusha. Mwalimu alitwambia tuandike lima kalimat kuhusu familia. Lima ni tano, na kalima kwa Kiarabu ni neno. Nikaandika: bapak, ibu, kakak, adik, nenek. Nikaweka kalamu chini, nikashangaa wenzangu wanajaza nusu ukurasa. Kalimat kwao ni sentensi. Hata "wali" alikuwa na maisha yake: ni walii wa ndoa, ni mlezi, na meya wa mji ni wali kota, neno lililonipa kila mara taswira ya sinia la wali katikati ya mji. Faradhi yetu, nzito kama ilivyo, imetamkwa kwao mpaka ikawa perlu, nayo ni kuhitaji tu. Mtu anaingia dukani anasema ana perlu ya sabun. Radhi, ile ya wazazi tunayoiomba kwa machozi, imekuwa rela. Dhadi ya Kiarabu, herufi ambayo Waarabu wenyewe hujivunia hata lugha yao ikaitwa kwa jina lake, imegeuka l katika vinywa vya watu wa visiwa, na hakuna aliyeona kuna kilichoharibika.

Na siku za wiki. Kulikuwa na bibi mmoja mwalimu mstaafu aliyekubali kunifanyisha mazungumzo. Akaniambia nije hari Selasa, saa tatu asubuhi. Selasa, nikasema moyoni, ni thalatha, ni tatu, kwa hiyo Jumatatu. Nikaenda Jumatatu nikakuta mlango umefungwa. Nikasubiri, nikarudi nimenuna. Kesho yake akapika vitafunio akaningoja, mimi nipo chumbani kwangu. Waarabu na Waindonesia huanza kuhesabu Jumapili, kwa hiyo siku ya tatu ni Jumanne. Sisi tunaanza Jumamosi. Tena Kiswahili kimechanganya hesabu mbili ndani ya wiki moja: Jumatano ina tano yetu, na siku inayofuata, Alhamisi, ina tano ya Kiarabu. Nimeishi maisha yangu yote na tano mbili zinazoongozana na sikuwahi kuziona mpaka nilipomkosea bibi wa watu. Nilikwenda kumwomba radhi, na neno maaf lilifika bila kukwama, kwa sababu hilo halikubadilika.

Nilikutana pia na Wareno, huko huko. Jumapili ya kwanza niliona jengo limeandikwa Gereja, watoto wamevaa vizuri wanaingia na wazazi wao, nami nikaganda barabarani, najiuliza gereza gani hili. Lilikuwa kanisa. Wareno walilileta neno lao la kanisa pwani zote mbili. Kule limebaki kanisa, kwetu likaishia kuwa jela. Bendera ni bendera kote kuwili, na meza wanaiita meja.

Nyumbani Kotagede nilimwita mwenye nyumba Ibu, mama, kama walivyomwita wote. Kiindonesia kina neno la wewe, lakini kumwambia mkubwa ni utovu wa adabu. Unamwita kwa cheo chake cha udugu, Ibu, Bapak, Kakak, hata kama hamna damu. Hilo halikuhitaji kufundishwa mtu aliyelelewa Pemba. Kakak anatamkwa karibu kama kaka, ila k ya mwisho inakatiwa kooni, na anaweza kuwa wa kiume au wa kike. Yeye kwao ni dia, mwanamume au mwanamke. Baada ya Muscat nilihisi nimevua viatu vilivyonibana.

Jikoni kwa Ibu nilikuta kile nilichokuwa na njaa nacho. Padi ni mpunga. Beras ni mchele. Nasi ni wali. Ukoko nao una jina lake, kerak, na chenga zina lake, menir. Nilikaa kwenye kibao nikawa namuuliza kila kitu kimoja kimoja kama mtoto, naye akanijibu huku anapepeta kwa ungo, ungo uleule. Maneno haya hayakutoka Arabuni wala hayakuhitaji kutoka. Waarabu walitupa sote maneno ya sheria, ya saa, ya kuandika, ya kuapa. Chakula cha shambani tulikuwa tumeshakipa majina kabla ya jahazi lolote.

Ni hapo jikoni pia Ibu aliponiuliza, kama kila mtu atakavyokuuliza Java, "Sudah menikah?" Umeshaolewa? Muscat nilikuwa nikiulizwa hivyo najibu la, na baada ya la huja kimya cha huruma. Nikamjibu Ibu nilichofundishwa darasani: "Belum." Bado. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kupepeta. Hapo nikaelewa kwa nini Kiindonesia kilinikaa haraka hivyo ilhali hakina nyakati za kitenzi kama zetu: kina sudah na belum, nasi tuna -mesha- na bado. Lugha mbili ambazo zikikataa jambo huacha mlango wazi. Kiarabu cha vitabuni kinalo neno la namna hiyo, lamma, baba alinifunza na hukumu yake, lakini sokoni Muscat sikumsikia mtu akiniambia kwa lamma.

Sasa nieleze kosa ambalo kila nikilikumbuka uso hunipata joto. Tulipanga, wanafunzi watano wageni, kwenda ufuoni Parangtritis kwa gari dogo la kukodi. Usiku uliotangulia, mezani, nikasema kwa furaha: "Besok kita ke Parangtritis." Kesho tunakwenda Parangtritis. Asubuhi natoka chumbani nakuta Ibu amesimama mlangoni, amevaa mtandio wake mzuri, na mkononi ana kapu lenye vifurushi vya wali uliofungwa kwa majani ya mgomba, vya watu wote.

Kiindonesia kina sisi mbili. Kami ni sisi bila wewe. Kita ni sisi pamoja nawe. Tulifundishwa juma la pili, niliandika kwenye daftari, nilipata alama zote. Lakini sisi ya Kiswahili haiulizi, na nahnu ya Kiarabu haiulizi, kwa hiyo mdomo wangu ukachukua lililo jepesi, na lililo jepesi lilikuwa mwaliko. Gari likaja limejaa. Ibu akatazama ndani, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Akanipa kapu. "Untuk kalian," akasema. Yenu nyinyi. Akarudi ndani akivua mtandio. Nilikula wali ule ufuoni nikitazama bahari ya Hindi, bahari yetu hiyohiyo, na haukupita kooni.

Kiarabu kilikuwa kimenifunza kuuliza: hawa niwasemao ni wangapi, wa kiume au wa kike? Kiindonesia kiliniuliza swali ambalo katika lugha zangu mbili sikuwahi kuulizwa: huyu ninayezungumza naye yumo au hayumo? Nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo lugha hutofautiana hasa, kwenye lile ambalo kila moja haikuruhusu ulinyamazie. Maneno ya kukopa yanahesabika na watu hupenda kuyaorodhesha, mimi mwenyewe nilijaza madaftari. Lakini hakuna neno hata moja kwenye madaftari yale lililowahi kumvua mtu mtandio.

Nisiseme kana kwamba Kiindonesia ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba ile. Ibu na mumewe walizungumza Kijava, tena Kijava chenye ngazi, kimoja cha kumwambia mtoto na kingine cha kumwambia mkubwa. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana wa visiwa mbalimbali waliapa Jakarta, wakati huo ikiitwa Batavia, kuwa na lugha moja ya umoja, na hawakuchagua Kijava cha walio wengi, walichagua Kimalei cha bandarini na kukiita Kiindonesia. Ndiyo maana hata Ibu alikisoma skuli, na wanawe wakiwa na wenzao hawasemi tidak, yaani hapana, wanasema nggak. Kwa hiyo nilikutana tena na lile la Muscat, lugha ya kitabu na lugha ya baraza, ila umbali hapa ni mfupi, unavukika kwa miguu.

Binti mkubwa wa Ibu alifundisha kwenye pesantren, chuo cha bweni cha dini, akanichukua siku moja. Nilikuta wasichana wamekaa chini na vitabu vya karatasi ya manjano, na kitabu walichokuwa nacho kilikuwa Safina, kile cha fiqhi ya Shafi niliyosomea barazani kwa baba. Mwandishi wake, Salim bin Sumayr, alikuwa Mhadhrami aliyehamia Batavia akafia huko mwaka 1855. Watu wa Hadhramauti walikwenda pande zote mbili za bahari, na kitabu kimoja kidogo kikawa kinasomwa Wete na Java bila Wete na Java kujuana.

Lakini namna ya kusoma! Chini ya kila neno la Kiarabu, kwa mshazari, limening'inia neno la Kijava kwa herufi za Kiarabu. Na kando ya neno kuna herufi ndogo: mimu kwa mubtada, kha kwa habari yake, fa kwa mtenda. Mwalimu akisoma sentensi ya mtoto ameketi hasemi tu maana yake. Husema "utawi bocah, iku lungguh", na lile utawi kazi yake ni kukuambia neno hili ndilo kichwa cha sentensi, na iku kwamba hiki ndicho kinachosemwa juu yake. Kiarabu huweka kazi hiyo kwenye irabu ya mwisho, waladu, walada, waladi. Kijava hakina miisho hiyo, kwa hiyo masheikh wa kule walitengeneza vineno vya kushika kazi ambayo lugha yao haikuwa na mahali pa kuiweka. Niliduwaa. Baba alinichapa kwa ajili ya irabu hizo, na huku wasichana wadogo wanazitambua bila woga kwa utawi na iku.

Wakati wa dua, mzee mmoja nje ya ukuta alisoma Fatiha kwa sauti. Nilisikia "Robbil ngalamin". Ayni, herufi ya Kiarabu ambayo sisi wengi pwani tunaiangusha tukapita, wazee wa Kijava huitamka ng. Baba angekunja uso. Mimi nilisikia mtu mwenye ng' ya nyumbani kwao, anaimba kwa ng' yake.

Siku ya kuondoka Ibu alinisindikiza mpaka nje. Nikambusu mkono, nikauweka pajini mwa uso kama wafanyavyo wao na kama tulivyofanya sisi kwa maalim. Akaniambia nikirudi nisitafute pengine pa kulala. "Ini rumah kita," akasema.

Nilifika Pemba msimu wa karafuu. Mama alikuwa uani anachambua makonyo, nami nikakaa jamvini kumsaidia nikimsimulia. Nilipofika pale nikamwambia, "Akaniambia, hii ni nyumba yetu." Mama akauliza bila kuinua macho, "Yetu nani? Yao?" Nikamweleza sisi zote mbili, nikamweleza na kapu la wali. Alinyamaza kitambo, mikono inakwenda. Kisha akasema, "Basi mwambie na hapa."

Usiku nikachukua simu. Niliandika Ibu saya bilang, mama yangu amesema, nikasita kidogo juu ya neno la mwisho, si kwa kutolijua. Ini rumah kita juga.